Printa Iliyonyamazishwa kwa Adhana

Haya, wewe uliyeketi karibu nami, nyoosha miguu nikutegee. Mgeni alibisha hodi nikiwa ndani, nami sikumsikia. Nikatoka zangu, nikarudi, nikafungua mlango, naye akaingia mbele ya macho ya watu. Wote wakasema mimi ndiye niliyemleta. Mgeni huyo ni nani?

Fikiri. La, si kivuli. Paka? Si paka pia. Umeshindwa, basi nipe mji. Mahajanga? Ahsante, nimeupokea. Nimefika Mahajanga, nimeshuka mtaa wa Tanambao, nimekula sambusa za moto, na jibu nitakupa nikishafuta mafuta mdomoni. Kwanza mtazame mwanamke yule anayeingia dukani kwa Mzee Hamidou, miwani imeshikwa kwa uzi mweusi na mkoba umebanwa kwapani kama kuku wa kuuzwa.

Huyo ni Inspekta Rabiata wa polisi. Hakuja kwa kesi, maana hakuna aliyeshtaki. Alikuja kwa sababu Mzee Hamidou, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, alimpigia simu asubuhi hiyo ya Jumamosi, sauti ikimtetemeka.

"Mwanangu, njoo tu. Duka langu limevunja harusi."

Ilikuwa hivi. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, shangazi wa bwana harusi alikuja dukani kuchukua kadi za mwaliko. Printa ikaamka na kuanza kutapika karatasi, na karatasi hizo hazikuwa kadi. Ilikuwa picha ya bibi harusi mwenyewe, Moinaecha, kichwa wazi, anacheka, ameketi kwenye mkeka miguuni pa mwanamume wa makamo. Nyuma yao kulikuwa na chombo kikubwa kinachong'aa. Picha ile ile ilitoka tena na tena. Shangazi alichukua moja akaitia mkobani, na kabla jua halijapoa mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba Moinaecha, aliyekuwa akifanya kazi hotelini Ambatoloaka kule Nosy Be, ana mzee wake wa baa. Wazee wa bwana harusi walituma neno: jibu letu mtalipata Jumamosi baada ya swala ya alasiri.

Na lawama? Lawama ilimwangukia Fazul, kaka yake Moinaecha, anayefanya kazi katika duka lile. Baba yao alishazikwa katika vinywa vya watu zamani, kwa hiyo Fazul ndiye aliyekuwa awe walii, aketi mbele ya kadhi na kumwozesha dada yake. Sasa mama yake alikuwa amelitoa godoro lake nje ya nyumba, mbele ya majirani.

Rabiata alimkuta mama huyo pale pale dukani. Halimati alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kusema Kimalagasi siku zote, Kifaransa akiwa na wageni, na Kikomoro akiwa na hasira. Alikuwa akikusanya picha zilizobaki, anazitia mfukoni moja moja.

"Bweni Halimati," Rabiata alimwita kwa heshima anayopewa mama wa watu, "niachie moja niitazame."

Halimati alimpa kwa ncha za vidole.

"Mtu huyu ni nani?"

Halimati aliichukua picha iliyobaki mkononi mwake akaikunja. Akaikunja tena. 

"Muulize aliyeichapa," alisema, akatoka bila kumtazama mwanawe aliyeketi kando ya printa.

Rabiata aliisikia hasira katika sauti, lakini macho yake yalikuwa kwenye vidole vya Halimati. Mwenye hasira hurarua. Huyu alikunja, na alipokunja aliupeleka mkunjo pembeni, usipite juu ya uso wa yule mwanamume.

Rabiata alivuta kiti, akaketi mbele ya Fazul. Kijana alikuwa mwembamba, shati la Ijumaa bado mwilini, macho mekundu.

"Ulirudi wa kwanza kutoka msikitini?"

"Wa kwanza. Mzee alinipa ufunguo ili nimalize kadi."

"Ukafanya nini?"

"Nikafungua mlango. Shangazi wa bwana harusi akaingia nyuma yangu. Nikaichomeka printa. Ikaanza."

"Kwa nini ilikuwa imechomolewa?"

Mzee Hamidou alikohoa. "Hapo ni mimi. Adhana ya Ijumaa ikilia, naichomoa kwenye umeme. Ina kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Sitaki ipayuke juu ya adhana. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, naye alikuwa hivyo hivyo: akisikia muadhini, anainua mguu kwenye kanyagio, hata kama mshono uko katikati."

"Na kompyuta? Unazizima?"

"Hizo hazipigi kelele. Hazimuudhi Mungu."

Rabiata alilitazama duka. Kompyuta moja ilikuwa kwenye meza ya Zalia, mpiga chapa. Ya pili ilikuwa dirishani, ya wateja. Ya tatu haikuonekana mpaka Fazul alipofungua kabati lenye milango ya matundu: sanduku jeusi linalovuma polepole, na waya wa printa umechomekwa kwake.

"Nieleze kama unayemweleza mama mkwe," Rabiata alisema. "Kwa upole, na usiruke kitu."

Fazul karibu acheke. "Zile mbili za nje zinatumia mfumo wa Windows. Wateja wanaleta fleshi zenye virusi, na virusi vikala kazi za watu. Vyeti vya shule, barua, vyote. Nikaona niweke faili zetu kwenye hii ya kabatini, hii ni Linux, mfumo mwingine, virusi hivyo haviiwezi. Printa nayo nikaiunganisha hapa. Lakini Windows na Linux hazisikilizani. Ziko kwenye waya mmoja, zinapitana kama watu waliogombana. Ndipo nikaweka Samba."

"Samba ni nani?"

"Ni programu. Inakaa ndani ya Linux na kuongea na Windows kwa lugha ya Windows. Nikaiagiza: folda hii waone wote, printa hii watumie wote."

"Kwa nywila?"

"Kwanza kwa nywila. Mzee akawa anaisahau."

"Ilikuwa jina la mke wangu," Mzee Hamidou alijitetea. "Halafu nikaoa tena."

Zalia alijiziba mdomo kwa mtandio.

"Nikaiondoa," Fazul aliendelea. "Kila mtu anaingia kama mgeni. Na wageni wote Linux inawaandika kwa jina moja tu, jina la Kiingereza, maana yake 'si mtu'."

"Kwa hiyo nikiiuliza mashine nani alichapa picha hii?"

"Itasema, si mtu."

"Basi ni kama mashahidi wangu wote wa bandarini," Rabiata alisema. "Haya. Nichapie chochote, kutoka kila kompyuta."

Walichapa. Karatasi ya Linux ilitoka kamili. Ya Zalia ilitoka kamili. Ya dirishani ilitoka imekatwa chini, mstari wa mwisho haupo. Rabiata akaiweka kando ya picha ya Moinaecha. Picha nayo ilikuwa imekatwa chini: mkeka ulianza, haukuisha, na nyayo za yule mwanamume hazikuwapo.

"Ile ya dirishani inadhani karatasi zote ni fupi, za kipimo cha Amerika," Fazul alieleza. "Naitengeneza, mteja anaigusa, inarudi kule kule."

"Wewe unayeijua kasoro hiyo, ungechapa picha pale?"

"Pale? Nisingechapa hata salamu."

Mzee Hamidou alitikisa kichwa. "Lakini mwanangu, dirishani hapakuwa na mtu! Nimemuuliza shangazi mwenyewe. Yeye amesimama hapa, Fazul amesimama pale, kile kiti kitupu. Nani alibonyeza? Jini?"

"Jini hana haja ya printa," Rabiata alisema. "Zalia, mama, wewe ulifika lini?"

"Niliwakuta wamesimama, inatoa." Zalia alikuwa mama wa watoto wanne, mwenye masikio yanayosikia mtoto akigeuka chumba cha pili. "Na ilikuwa inatoa vibaya. Inatoa moja, inanyamaza. Inavuta pumzi, hivi, hhhh, kisha nyingine. Nikadhani imeharibika."

Rabiata alisimama taratibu. "Niombee nakala tano za kitu kimoja. Sema tano, kwa mara moja."

Zalia akabonyeza. Printa ilitoa karatasi tano mfululizo bila kupumua, kama mtu anayesoma dua aliyoihifadhi.

"Sasa, Mzee, jifanye ni Ijumaa. Adhana inalia."

Mzee Hamidou, kwa uzito wote wa ibada, akaichomoa printa. Rabiata aliketi kiti cha dirishani, akachagua chapa. Kimya. Akaitazama printa. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza tena na tena, kidole kikizidi kuudhika.

"Loo, unabonyeza kama mteja!" Zalia alisema.

"Ndiyo. Na sasa nimekata tamaa, nimekwenda zangu." Rabiata akainuka, akasogea mpaka mlangoni. Kiti kikabaki kitupu. "Fazul. Umetoka msikitini. Chomeka."

Fazul akachomeka. Printa ikakohoa, ikawaka taa, ikatoa karatasi. Ikanyamaza. Ikavuta pumzi. Ikatoa nyingine. Ikanyamaza tena.

"Bismillahi," alisema Mzee Hamidou, akarudi nyuma.

Fazul alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Foleni. Zilikuwa kwenye foleni! Samba ilizipokea, Linux ikazishika, ikangoja printa iamke. Mimi nilichomeka tu. Kila siku nawafundisha watu habari za foleni, jana sikuifikiria hata kidogo. Niliona uso wa dada yangu unatoka pale, nikaona macho ya yule shangazi, akili ikaruka."

Umelipata sasa, wewe uliyenipa mji? Mgeni ni ile picha; alibisha kabla ya swala. Aliyefungua mlango baada ya swala ndiye aliyebebeshwa.

"Na kuna jingine," Rabiata alisema. "Anayetaka kumwaga aibu ya mtu mtaani huomba nakala nyingi kwa mara moja, kama alivyofanya Zalia. Anayebonyeza moja, akangoja, akabonyeza tena, huyo alitaka picha moja tu. Hakutaka kumtangaza mtu."

Alirudi kwenye meza ya dirishani, akainama mpaka miwani ikaning'inia kwenye uzi wake. Kibodi ilikuwa na vumbi la kawaida. Kipanya kilikuwa na kitu. Katika ufa kati ya vitufe viwili kulikuwa kumeganda unga wa manjano. Aliukwangua kwa ukucha, akanusa.

"Zalia, njoo na pua yako."

"Liwa hiyo," Zalia alisema upesi. "Hata mimi nimejipaka usoni, jua la Mahajanga halina huruma."

"Nusa tena."

Zalia alinusa. Waridi. Karafuu. Kitu kingine kitamu chini yake. Mkono wake ukashuka taratibu.

"Singo," alinong'ona.

Wanaume wawili walitazamana. Singo hapakwi mtu wa kwenda sokoni, mwanangu. Singo anasuguliwa bibi harusi, mwili mzima mpaka viganjani, siku zile anazofungiwa ndani asionwe na jua wala na mtu.

"Mzee, adhana ilipolia nani alikuwa ameketi hapa?"

Mzee Hamidou alikuna ndevu. "Mwanamke. Amejifunika gubigubi, macho tu. Nilimwambia, dada, swala, tunafunga. Aliondoka bila kujibu. Nilidhani ana haya."

"Dada yangu?" Fazul alisema. "Alitoka ndani? Mama angemuua! Na ajichape mwenyewe?"

"Keti," Rabiata alimwambia. "Funga mdomo wako mpaka nikuambie. Bado hatujajua huyu mwanamume ni nani, na alasiri haitungojei."

Aliichukua picha akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Mtaa uliona baa kwa sababu ya kile chombo kinachong'aa: wakasema ni mtambo wa pombe. Lakini Rabiata amezaliwa Nosy Be. Alijua mtungi wa shaba wenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata anayelala, na alijua kinachochemshwa ndani yake. Si pombe. Ni maua ya mlangilangi, yanayokamuliwa mafuta ya manukato. Na mkono wa yule mwanamume haukuwa begani mwa Moinaecha wala kiunoni. Ulikuwa juu ya utosi wake, kiganja kimefunguka, kama wa mtu anayemwombea dua.

Akampigia simu Anli, polisi mwenzake wa zamani kule kisiwani.

"Jumamosi, Inspekta?" Anli alilalamika. "Nimekukosea nini?"

"Ile mitungi ya mlangilangi kwenye njia ya Andilana, bado inafanya kazi?"

"Mmoja tu."

"Panda pikipiki. Mtafute mwanamume wa makamo, ndevu zina baka jeupe upande mmoja. Pita kwanza baa za Ambatoloaka, uliza kama wanamjua."

"Hiyo ndiyo kazi sasa. Nianze na baa ngapi?"

"Anli."

"Naenda, naenda."

Walingoja. Zalia alileta chai. Mzee Hamidou aliswali adhuhuri, akarudi, akaitazama printa kama jamaa aliyemsingizia. Simu ilipolia Rabiata aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Baa hawamjui," Anli alisema, na utani ulikuwa umemtoka. "Msikitini wanamjua. Anaitwa Allaoui, ndiye anayechemsha maua. Nilimwambia kuna picha yako na binti, kule Mahajanga imezua balaa. Unajua alifanya nini? Alizima moto, na maua bado mtungini. Kazi yote ya leo imepotea. Nikamuuliza, yule binti ni nani wako?"

"Akasema?"

"Akasema, 'Swali hilo kamuulizeni mama yake. Akinitaja, naja leo leo. Asiponitaja, mimi sina haki ya kujitaja.'"

Nyumba ya Halimati ilikuwa karibu; Rabiata na Fazul walifika alasiri ikiwa imeshaswaliwa. Godoro la Fazul lilikuwa bado nje, limeegemezwa ukutani, na kuku amekipata kivuli chake. Kutoka barabarani sauti za wakwe zilikuwa zinakaribia.

"Bibi harusi haonekani," Halimati alisema mlangoni.

"Mimi ni mwanamke, Bweni. Na mwanao wa kiume atabaki nyuma ya pazia."

Moinaecha alikuwa ameketi kwenye mkeka, wa manjano kuanzia paji la uso mpaka vidoleni, macho yamevimba kwa kulia. Rabiata hakumuuliza kitu. Alifungua mkoba, akatoa kipanya cha Mzee Hamidou, akakiweka mkekani mbele yake.

Msichana alikitazama. Akaviangalia viganja vyake. Akalia na kucheka kwa pamoja.

"Nilitaka moja tu," alisema. "Nilibonyeza, haitoki. Nilibonyeza, haitoki. Yule mzee akasema swala. Nikadhani imekataa, nikamshukuru Mungu, nikakimbia."

"Moja, ya nani?"

"Ya kaka. Niiweke chini ya mto wake aikute peke yake, amuulize mama. Kwa mdomo nilishindwa. Nimerudi kutoka Nosy Be, kila nikifungua kinywa, mama ananitazama nafunga." Alipangusa pua kwa kiwiko ili asiharibu singo. "Kesho angeketi mbele ya kadhi aseme, namwozesha dada yangu. Na hawezi. Ndoa haiwezi kusimama hivyo, wakati..." Akamtazama mama yake. "Sina ruhusa ya kulimaliza."

Nyuma ya pazia sauti ya Fazul ilitoka nyembamba, kama ya mtoto.

"Mama? Mimi ni walii kwa sababu gani?"

Halimati alikuwa ameshika ukuta.

"Asubuhi nilikuuliza swali, Bweni," Rabiata alisema polepole. "Ulinigeuzia mgongo. Lakini nilikuona unavyoikunja picha. Uliukwepa uso wake. Sikulaumu. Mimi sikai katika nyumba yako, sijui ulichokila humu peke yako na watoto wawili. Ninachojua ni kwamba mwanao mmoja amelala nje na mwingine anaitwa malaya, na wote wawili hawajakosa. Mtungi ule si wa pombe. Na aliye kando yake amezima moto, anangoja ulimi wako."

Hodi ilibishwa uani. Hawakungoja karibu. Shangazi wa bwana harusi aliingia mbele, wazee nyuma yake, na yeye ndiye aliyesema, sauti imepandishwa ili uzio usikie.

"Halimati! Tumekuja kwa wema, na tutaondoka kwa wema. Mtoto wetu Mbaé bado anamtaka binti yako, huo ujinga ni wake. Sisi tunauliza mara moja tu. Mwanamume huyu ni nani?"

Alikuwa ameishika picha juu, kama anayeuza kitambaa.

Moinaecha alianza kuinuka. Mama yake akamwekea mkono begani, akamketisha. Kisha Halimati akafungua pazia, akampita Fazul, akasimama uani juani mbele ya watu wote. Alitoa mfukoni picha yake, akaikunjua, akailainisha juu ya tumbo lake kwa kiganja, mara moja, mara nyingine. Rabiata alisimama nyuma yake, karibu, kama mtu anayesimama nyuma ya ngazi isiteleze.

"Huyu hakufa," Halimati alisema. Hakusema Kifaransa wala Kikomoro. Alisema Kimalagasi cha kila siku, ambacho hata mtoto aliyepanda uzio alikielewa. "Alikwenda Nosy Be kutafuta kazi, watoto hawa wakiwa wachanga, akakaa huko, akaoa huko. Niliona haya kuitwa mke aliyeachwa. Ndipo nikasema amefariki, nikamsomea hitima, nikapika, mkala. Wewe shangazi uliomba uongezewe." Akaigonga picha kwa kidole. "Binti yangu amemwona, akaomba dua yake, akapewa. Hilo ndilo lililo pichani, hakuna jingine."

Shangazi alishusha mkono. Wazee walitazama chini. Mmoja wao alifungua mdomo, lakini Halimati alikuwa hajamaliza. Aligeuka, akamtafuta mwanawe wa kiume kwa macho.

"Ni baba yenu," alimwambia. "Fazul, ingiza godoro lako ndani, kisha mpigie baba yako simu aje amwozeshe mwanawe."